Kusomea Wageni

Kwetu Maposeni hakuna aliyewahi kusema kwamba nilisomea usimamizi wa matukio na utalii. Walisema ninasomea wageni. Kwenye jumuiya, Jumamosi asubuhi, baada ya rozari, mama mmoja au mwingine alitoa nia: tumwombee binti yetu anayesomea wageni, Mungu amfungulie njia. Wote wakaitikia, na mimi nikaitikia, maana hata mimi sikuwa na maelezo bora kuliko hayo.

Kozi yenyewe sikuitaka. Niliomba ualimu, nikaomba uuguzi, na pale kwenye chaguo la tatu nikajaza kilichokuwa kimebaki kwenye orodha ya chuo cha pale Songea, ili nisome karibu na nyumbani. Chaguo la tatu likanichagua lenyewe. Nikapanga chumba Bombambili, nikawa naenda chuo kwa miguu na kurudi kwa miguu, baridi ya Juni ikining'ata masikio na vumbi la bodaboda likiniingia mdomoni.

Darasani tulifundishwa kupanga uma tatu kushoto kwa sahani na visu vitatu kulia. Uma hazikutosha, kwa hiyo wenzangu wawili walifanyia mtihani uma zilizochorwa kwenye karatasi. Tulijifunza kumimina mvinyo kwa kutumia juisi ya rozela. Kaunta ya mapokezi tuliijenga kwa maboksi ya friji, tukapokezana: leo wewe ni mgeni kutoka Ujerumani, kesho mimi. Nilikuwa mgeni hodari sana. Nililalamika kwamba maji ya moto hayatoki bombani, mimi ambaye asubuhi hiyo nilikuwa nimeoga maji ya ndoo, ya baridi, nusu ndoo. Tulikariri mbuga za kaskazini na umbali wa kutoka lango moja hadi jingine, na katika darasa zima aliyewahi kumwona tembo alikuwa mmoja tu, kijana wa Namasakata kule Tunduru, na alimwona akila mahindi kwenye shamba la babu yake. Mhadhiri alimwomba aeleze mbele ya darasa uzoefu wake wa kukutana na mnyama yule.

"Tulikimbia," akasema. "Alhamdulillahi, tulifika."

Tulicheka mpaka machozi. Sasa nikikumbuka naona kwamba kwa miaka mitatu yote yule ndiye peke yake aliyesema jambo la kweli kuhusu utalii.

Karibu na nilipopanga palikuwa na kaka mmoja aliyemaliza kozi ile ile miaka michache kabla yangu. Alikuwa na mwavuli na meza ndogo, anasajili laini za simu. Kila nikipita aliniita, "Meneja!" Nami nikajibu, "Naam, meneja!" Utani wetu uliishia hapo. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuuliza swali la pili.

Kosa langu lilianza mwaka wa kwanza, na lilianza kwa kufaulu. Tulipewa asaimenti ya kuandika mpango wa biashara ya utalii mahali tunapopafahamu. Wengi waliandika kuhusu Ziwa Nyasa, wakaweka mchanga na samaki. Mimi niliandika kuhusu Maposeni: chumba cha wageni nyumbani kwa mkulima, mgeni analala hapo, anakula ugali na mboga za maboga, anaingia shambani kuvuna mahindi pamoja na wenyeji, jioni anachezewa ngoma yetu ya lizombe. Niliandika siku mbili, kwa Kiingereza cha kuazima, bila kuamini hata sentensi moja. Nikaongoza darasa. Mhadhiri akaandika juu kwa wino mwekundu kwamba mpango huu unatekelezeka, akasaini.

Pasaka nikaenda nayo nyumbani, kwa majivuno tu. Baba yangu ni mkulima wa mahindi, na kwa miaka mingi alikuwa katekista. Kwake karatasi si kitu cha kuchezea. Alivua kofia, akaketi, akasema, "Soma." Nikasoma nikitafsiri hapo hapo: wageni watafika wakati wa mavuno, watalala kwa mkulima, mkulima atakuwa na chumba chenye kitanda kirefu, neti, vifaa vya usafi na choo cha kukaa.

"Amesaini nani hapa?"

"Mhadhiri, baba."

"Wa chuo kikuu?"

"Ndiyo, wa chuo kikuu."

"Na hapa pekundu ameandika nini?"

"Kwamba inatekelezeka."

Baba akaikunja taratibu, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Ili umwelewe baba, ujue kwanza jinsi maji yalivyofika kwetu. Kabla sijazaliwa walikuja watu na karatasi, wakaitisha mkutano, wakasoma mpango wa bomba, wakasaini mbele ya watu wote, wakaondoka. Miaka ikapita. Watu wakacheka, wakasahau, wengine wakafa. Nilipokuwa darasa la nne bomba likafika, na likafika pale pale palipoandikwa. Tangu hapo, kwa baba na wenzake wa rika lake, mpango uliosomwa na kusainiwa ni jambo ambalo limeshatokea, ila lipo njiani. Hayo niliyajua, nimekulia humo. Nilipaswa kumwambia siku ile ile: baba, hili ni zoezi, ni kama zile hesabu za shule ya msingi za maembe na machungwa, ambazo embe lenyewe halipo. Sikumwambia. Alikuwa akinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu nizaliwe, na mimi nikataka nitazamwe hivyo, hata kama ni Pasaka moja tu. Sina utetezi mwingine zaidi ya huo.

Likizo ya mwezi wa saba nikakuta tanuri la matofali linafuka nyuma ya nyumba. Nilifurahi. Jiko la mama lilikuwa la nyasi, linavuja, na baba alikuwa amemwahidi la tofali na bati tangu dada yangu mkubwa hajaolewa.

"Hongera mama, jiko hilo linakuja," nikamwambia.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua macho. "Si ya jiko. Ni ya wageni wako."

Baadaye tukiwa jikoni, amenipa mgongo, akauliza, "Hao wageni wapo?"

"Mama, ile ilikuwa kazi ya darasani."

Akakoroga sufuria kwa muda. "Basi mwambie baba yako. Mwambie kabla hajaezeka. Akishaezeka hatakusikia tena."

Kesho yake asubuhi nilimfuata baba kwenye tanuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Nikaanza, "Baba, kuhusu ile karatasi..." Akaniwahi: "Ipo, usihofu. Panya hawajaigusa." Akacheka, akanipa nafasi ya kukaa kando yake pale penye joto. Nikakaa. Tukaongea habari za mbolea. Alipoezeka mwezi wa tisa, kwa bati za jiko la mama, mimi nilikuwa Bombambili nimejifungia, najisomea usimamizi wa ubora wa huduma.

Mwishoni mwa mwaka wa pili tulitakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, tunayoyaita fildi. Niliandika barua nyingi kwa hoteli za kaskazini. Moja ilijibu kwamba nafasi zimejaa. Nyingine hazikujibu, na nikawa nampenda yule aliyejibu kama ndugu. Nikaishia kwenye ukumbi wa sherehe hapo hapo mjini, nikifunga vitambaa kwenye viti vya plastiki Ijumaa na kuvifungua Jumapili. Kipaimara, send-off, harusi, kipaimara. Nilijifunza kufunga fundo la ua kwa kutumia mkono mmoja. Huo ndio ujuzi pekee niliotoka nao chuoni ambao naweza kukuonyesha sasa hivi ukinipa kitambaa.

Halafu chuo kikatangaza kwamba mhadhiri atakayetutembelea atataka kuona mradi halisi wa utalii wa kila mwanafunzi. Sikuwa na mradi. Nilichokuwa nacho duniani ni chumba kimoja kilichosimama Maposeni kwa sababu ya uongo wangu. Nikakiandika. Nikampigia baba simu.

"Baba, mwalimu wangu atakuja Alhamisi kukagua kile chumba."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Wameanza na mmoja," akasema. "Si mbaya."

Alhamisi nilifika mapema. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka unaogopa kuukanyaga. Wazee wa lizombe, majirani zetu, walikuwa wamekaa wanazianika ngoma juani ili ngozi zikaze. Mama alikuwa na jogoo jikoni. Baba alivaa koti lake la kanisani, na mkononi alishika daftari kubwa lenye jalada gumu, amelichora mistari kwa rula: tarehe, jina, atokako, madhumuni, maoni, sahihi, sawasawa na kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji. Akaniambia niingie nione kama kuna kilichosahaulika.

Kitanda kilikuwa kirefu kuliko kitanda chochote nilichowahi kukiona kijijini. Shuka jipya bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Neti ya buluu, picha ya Bikira Maria, beseni, taulo. Juu ya kigoda, mswaki mpya ndani ya pakiti yake na kipande cha sabuni ya kuogea. Vifaa vya usafi; niliviandika mwenyewe, ukurasa wa nne. Nilishindwa kupiga hatua zaidi. Nilisema vyote vipo, nikatoka.

Mhadhiri alifika saa sita mchana, ndani ya gari wenzangu wawili wanaosubiri kushushwa Mbinga. Alikuwa mtu mwema, sitaki nieleweke vibaya. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu, akasimama kutazama lizombe, jicho moja kwenye ngoma na jingine kwenye saa. Akaingia chumbani, akapiga picha, akaniuliza soko langu ni akina nani. Nikakariri. Akauliza, "Mpaka sasa umepokea wageni wangapi?"

Baba akajibu kwa niaba yangu, "Wewe ndiye wa kwanza, mwalimu. Karibu sana. Utalala siku ngapi?"

Mhadhiri akacheka. Alidhani mzee anatania. Baba naye akacheka, kwa heshima, akisubiri jibu.

Alisaini fomu yangu, akasaini kitabu cha baba, na kwenye maoni akaandika: Pazuri, endeleeni. Mama alipotoka kusema wali umeiva na jogoo bado kidogo, tayari alikuwa ameshika mlango wa gari, anaomba radhi, Mbinga ni mbali. Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Mama akakamata tetea, akamfunga miguu, na baba akakimbia naye mpaka dirishani, koti linapepea, mzee wa umri ule. Mhadhiri akampokea yule kuku kwa vidole viwili, akashukuru. Gari likakata kona.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba akasema, akihema.

Jogoo tulimla na wacheza ngoma. Wote walikuwa na furaha. Walijadili kama mgeni alipenda zaidi ngoma ya kwanza au ya pili. Baba alikuwa akifungua kile kitabu, anasoma lile neno endeleeni, anakifunga. Nilipata alama nzuri za fildi.

Mwaka huu nimemaliza. Nilirudi nyumbani na begi moja na daftari za miaka mitatu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya pili, na nilistahili. Barua za kazi nimetuma hadi nimechoka kuhesabu siku za kusubiri. Kile chumba kipo. Mama anabadilisha shuka kila mwezi, anafua lile ambalo hakuna aliyelilalia. Wanasema pia njia ya mwongo ni fupi. Waje waone yangu, hata sijui itaishia wapi.

Wiki mbili baada ya kurudi, akaja mama jirani, mjane ambaye shamba lake limepakana na letu. Nyumba yake imeinama upande mmoja, ameiegemeza kwa miti miwili. Alishika daftari la shule na kalamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uniandikie na mimi mpango."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Akasema matofali amekwisha kuyaanza. Bati anazo, zile alizoziweka kwa ajili ya nyumba yake. Nyumba inaweza kungoja, atalala hivyo hivyo mpaka wageni waje waijenge.

Safari hii sikutaka kunyamaza. Nikamkalisha, nikamwambia yote bila kuzunguka. "Mama, wageni hawaji. Hawapo. Ile karatasi ya baba ni kazi niliyopewa darasani. Na yule mtu alikuwa mwalimu wangu, alikuja kunipa alama tu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Alikuja na gari," akasema.

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Akaingia chumbani. Akasaini kitabu, nimekiona."

"Alisaini, mama."

"Akaondoka na kuku." Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye niliyeonewa huruma. "Mwanangu, mimi sikuja kuwanyang'anya. Wageni wa dunia nzima watatosha kwenye chumba kimoja? Wa kwenu wabaki wenu. Wakizidi, nipeni hao waliozidi."

Nilipandisha sauti. Nilimpigia kelele mama mtu mzima, mjane, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nilisema hakuna wa kuzidi kwa sababu hakuna hata mmoja, kwamba tumeezeka upepo, kwamba asiguse bati zake. Nililia pia. Nilipogeuka baba alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, amesikia.

"Ilikuwa asaimenti, baba," nikamwambia. "Tangu mwanzo. Hakuna kitu."

Miaka miwili nilikuwa naogopa uso atakaonionyesha siku hiyo. Nilidhani nitamwona mtu aliyebomoka. Baba hakubomoka. Alinionea aibu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa anaficha chakula wageni wakiwa mlangoni, kisha akamgeukia yule mama na kuinamisha kichwa.

"Msamehe, dada yangu," akasema. "Shule imemtia choyo. Sisi hatukumlea hivyo."

Mama yangu alikuwa jikoni kwake, kwenye nyasi, hatua chache kutoka pale. Alisikia kila neno. Hakutoka.

Baba akaingia ndani, akarudi na Biblia, akaitoa ile karatasi. Kiingereza hakijui, lakini aliyashika yote niliyomsomea siku ile ya Pasaka, neno kwa neno, na akaanza kumweleza yule mama, kidole kikitembea juu ya mistari asiyoweza kuisoma. Wakati wa mavuno. Kitanda kirefu. Choo cha kukaa. Yule mama akitikisa kichwa kukubali. Kisha baba akanisukumia lile daftari la shule la yule mama. "Mwandikie." Nikamwandikia. Aliponiomba nisaini chini, kwa kuwa sasa na mimi ni mtu wa chuo kikuu, nikasaini.

Huu ni mwezi wa nane. Sina kazi, kwa hiyo asubuhi naenda kwa yule mama kumsaidia kuchota maji ya kukandia udongo. Ndoo kutoka bombani, ndoo baada ya ndoo. Hajanikasirikia hata kidogo. Kanga yake na miguu yake vimejaa tope, na ananichekea kila nikimwaga. Jana alinisimamisha. Alikuwa ameshika kijiti, amechora chumba kizima chini kwenye mchanga, mlango umeshapata mahali pake.

"Ninyi mliosoma," akasema, "mgeni hupenda dirisha lake liangalie wapi?"

Nikaweka ndoo chini. Hilo tulifundishwa, mwaka wa pili.

"Mashariki, mama," nikamwambia. "Wanapenda kuamshwa na jua."